NDEGE WA MASHAMBANI MWETU: SOMO LA KUWATAZAMA, KUWAANDIKA NA KUWAPIGA PICHA



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za miche, palizi, uchumaji, uanikaji na bei. Somo la safari hii ni la namna nyingine, lakini halitoki nje ya shamba. Ni habari za ndege wanaoishi katika mikarafuu yetu, na namna mtu asiye mtaalamu anavyoweza kuwatazama, kuwaandika na kuwapiga picha. Wanachama kadhaa wameniona nikipita njia za Konde na Ngezi, kamera shingoni na daftari mkononi, wakaniuliza natafuta nini. Makala haya ndiyo jibu langu kwao.

Jibu kwa ufupi ni hili. Katika kisiwa chetu wako ndege wa aina nne ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Anayetaka kuwaona hana budi kuja Pemba. Wawili katika hao wanne, yaani ninga na bundi mdogo, wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kupotea. Na kwa kuwa wote hao huonekana pia katika miti ya mashamba, mlinzi wao wa kwanza si mgeni wala afisa wa msitu. Ni mwenye shamba.

1. KWA NINI PEMBA INA NDEGE WAKE

Bahari iliyo baina ya Unguja na bara haina kina kirefu. Zamani, dunia ilipokuwa na baridi kali na maji ya bahari yakapungua, Unguja iliungana na bara, na wanyama wakapita kwa miguu. Pemba haikuwa hivyo. Mkondo wa bahari baina yetu na bara una kina cha zaidi ya mita 700, na kisiwa hiki kimekaa peke yake kwa muda mrefu mno. Ndege waliovuka wakafika huku walizaana wenyewe kwa wenyewe, kizazi baada ya kizazi, hata wakatofautiana na jamaa zao wa bara kwa rangi, kwa umbo na kwa sauti. Mfano wake ni lugha. Sote twasema Kiswahili, lakini Mpemba akifungua kinywa tu, mtu wa Mrima hujua huyu katoka wapi.

Wataalamu waliwaandika ndege hawa kwa majina ya kitaalamu mmoja baada ya mwingine: chozi wa Pemba mwaka 1905, kinengenenge mwaka 1924, bundi mdogo mwaka 1937 na ninga mwaka 1940. Wawili hawa wa mwisho waliandikwa na R. H. W. Pakenham, aliyekuwa afisa wa serikali ya Kiingereza Zanzibar. Wazee wetu waliwajua kabla ya hapo. Kilichokosekana ni maandishi. Mtu akijua jambo asiliandike, elimu yake huzikwa pamoja naye, na ndiyo maana daftari katika somo hili lina cheo sawa na kamera.

Yafaa pia tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya msitu wa asili wa kisiwa hiki ilifyekwa ili kupanda mikarafuu, hasa katika karne ya 19. Dhoruba ya mwaka 1872 iliyong'oa mikarafuu ya Unguja ndiyo iliyozidi kuiinua Pemba. Ndege walioweza kuishi katika shamba walibaki. Basi mkarafuu uliwapokonya msitu, kisha mkarafuu huo huo ukawapa makao.

2. NDEGE WANNE WA KUANZIA

(a) Chozi wa Pemba. Huyu ni mdogo, mdomo wake mwembamba umepinda kama ndoana, naye hunyonya maji matamu ya maua na kula wadudu wadogo. Dume ana rangi ya kijani inayong'aa na mkanda wa zambarau kifuani. Tumbo ni jeusi. Jike hana mapambo: juu ni kijivu, chini ni rangi hafifu. Mtazame katika maua ya migomba, minazi na miua ya uani. Ni mwepesi kumwona, na kwa hiyo ni mwalimu mzuri wa kwanza.

(b) Kinengenenge wa Pemba. Ni kindege cha manjano, tena manjano hasa, chenye duara nyeupe kuzunguka jicho kana kwamba kimevaa miwani. Hutembea kwa makundi, wakiitana kwa sauti ndogo, wakichokoa wadudu na matunda madogo katika majani. Ukimwona mmoja, usiondoke. Wenzake wako nyuma.

(c) Ninga wa Pemba. Ni jamii ya njiwa, lakini hashuki chini kuokota punje kama njiwa wa mjini. Chakula chake ni matunda ya mitini, hasa ya mikuyu na jamii yake. Kichwa, shingo na kifua ni kijivu, mgongo ni kijani, na begani ana baka la zambarau. Akitulia katika majani hamwoni mtu. Hujulikana kwa kuangusha matunda au kwa mlio. Kwa sababu ana nyama, amewindwa sana, na ndiyo sababu humwogopa binadamu.

(d) Bundi mdogo wa Pemba. Huyu nitamweleza kwa kirefu, maana habari yake ina uzito zaidi.

Ni bundi mdogo, rangi yake ni ya kahawia inayoelekea wekundu, na macho yake ni ya manjano. Mchana hujificha katika majani mazito. Magharibi ikishaingia huanza kulia: "huu" moja, kisha kimya, kisha "huu" nyingine, au hufululiza nne mpaka sita kwa haraka, na mwenzake akamjibu. Chakula chake zaidi ni wadudu. Anaishi msituni Ngezi, na anaishi vilevile katika mashamba ya mikarafuu iliyokua ikafunga majani. Maana yake ni kwamba mwanachama mwenye mikarafuu mikubwa huenda analala kila usiku jirani na ndege ambaye watu husafiri kutoka Ulaya na Marekani ili kumsikia tu.

Lakini sote twajua anavyotendewa. Akilia karibu na nyumba, watu husema ameleta habari ya msiba, au ametumwa na mchawi. Hupigwa mawe, hupigwa manati, na pengine mti anaolala hukatwa. Jioni moja katika shamba la zamani karibu na Konde nilikuwa nimesimama kimya nikihesabu milio yake, akanijia mzee mmoja wa jirani.

"Mwanangu," akaniambia, "ndege huyu hasubiriwi. Anafukuzwa."

"Mzee wangu," nikamjibu, "tangu lini wamsikia hapa?"

Akafikiri kidogo. "Tangu mimi mtoto. Babu yangu ndiye aliyepanda mikarafuu hii, na mlio huo ulikuwapo."

"Na katika miaka yote hiyo, kila alipolia palikuwa na maiti?"

Mzee akacheka. "Angekuwa na kazi hiyo, tusingebaki hata mmoja."

Akakaa nami mpaka isha ikakaribia, naye ndiye aliyenionyesha mti ambao jibu lilikuwa likitokea. Siongezi neno juu ya hayo ila hili moja. Masheikh wetu wametufundisha tangu chuoni kwamba tiyara, yaani kuona kisirani kwa sababu ya ndege, imekatazwa. Na neno lenyewe latokana na tayr, ndege kwa Kiarabu. Mwenye kumpiga jiwe bundi kwa kuogopa mkosi hana hoja katika dini wala katika kilimo.

3. SAA NA MAHALI

Saa bora ni mbili: kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 3, na kuanzia saa 10 jioni mpaka magharibi. Katikati ya mchana ndege wengi hutulia, na jua la utosini huharibu picha. Bundi hutafutwa baada ya magharibi, usiku usio na upepo wala mvua.

Usiende mbali kabla hujalijua shamba lako mwenyewe. Chagua mahali patatu: mti wenye matunda, mti wenye maua, na ukingo ambapo shamba hukutana na kichaka au bonde la mpunga. Kaa chini kwa dakika ishirini katika kila mahali bila kusema. Anayetembea huku na huku huona mikia ya ndege wanaoruka. Anayekaa huwaona wakila. Kabla ya kukaa, tazama majani juu yako, maana majimoto hawana heshima kwa mtazamaji kama wasivyo na heshima kwa mchumaji.

Baada ya shamba, nenda Ngezi, uandikishwe langoni na ufuatane na kiongozi wa msitu. Kisha usisahau pwani. Maji yakitoka, fukwe na mikoko yetu hujaa ndege wageni. Mmoja wa kustahili kutazamwa ni ndege mweupe na mweusi, mrefu wa miguu, mwenye mdomo mweusi mnene wa kuvunjia kaa. Yeye huzaa katika mashimo ya mchanga kwenye pwani za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, kisha husafiri hadi pwani yetu kutafuta chakula. Wenye majahazi wa zamani hawakuwa peke yao katika njia hiyo.

4. KAMERA

Wengi hudhani lazima uwe na kamera ya fedha nyingi. Ni kweli kwamba lenzi ndefu, ya milimita 300 au 400, hukuleta karibu na ndege bila kumkimbiza. Lakini hata mwenye simu tu anaweza kuanza. Akiwa na darubini, aiweke kamera ya simu sawasawa kwenye kioo cha kuchungulia, apige. Picha haitakuwa ya kutundika ukutani, lakini yatosha kuwa ushahidi. Darubini ifaayo huandikwa 8 x 42: namba ya kwanza ni mara ngapi hukuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, kioo kipana huingiza nuru zaidi chini ya miti.

Shika mambo haya matano:

Kwanza, jua liwe mgongoni kwako. Hili kwa chozi ni lazima. Rangi yake ya kijani si rangi ya kupakwa kama ya nguo. Hutokana na namna unyoya ulivyojengwa ukarudisha nuru. Akiwa kivulini, au jua likiwa nyuma yake, huonekana mweusi kabisa. Mtu asiyejua atasema ameona ndege wawili wa aina mbali, kumbe ni yule yule amegeuka.

Pili, piga picha ya kwanza mara tu umwonapo, hata akiwa mbali. Ndipo usogee hatua mbili, upige tena, usimame. Ndege akiacha kula akakutazama, umefika mpaka, usisogee zaidi.

Tatu, elekeza kamera katika jicho. Jicho likiwa wazi, mkia ukififia hakuna neno. Jicho likififia, picha imekufa.

Nne, kwa ndege anayeruka tumia kasi ya sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde au zaidi. Kwa ndege aliyetulia, 1 ya 250 yaweza kutosha ikiwa mkono umeegemea shina la mkarafuu.

Tano, mpige pande zote: ubavu, mgongo, tumbo, na mkia akiufungua. Alama itakayomtambulisha mara nyingi iko upande usioupiga.

Picha ina upungufu wake. Haisemi ndege alikuwa mkubwa kiasi gani, wala alilia vipi, wala alikuwa na wenzake wangapi. Hayo ni kazi ya daftari.

5. DAFTARI

Andika pale pale, si nyumbani baada ya chai. Kumbukumbu hupenda kupamba. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, mti, idadi, alichokuwa akifanya, na sauti. Ukubwa ulinganishe na ndege anayejulikana: "mdogo kuliko njiwa", "sawa na chiriku". Usichokiona usikiandike, ukiona nusu, andika nusu. Huu ni mfano wa maandishi yafaayo:

"Jumamosi, saa 12.40 asubuhi. Shamba la mikarafuu mikubwa, ukingoni mwa bonde. Mawingu, hakuna upepo. Ninga 3 juu ya mkuyu, wanakula. Mmoja ana baka la zambarau wazi. Wawili sikuwaona vizuri mabega. Waliruka saa 12.55 baada ya mtu kupita na baiskeli. Picha 4."

Maandishi kama hayo hayana maneno makubwa, lakini yakikusanywa kwa miaka mitatu katika shamba lile lile yatakuonyesha ninga huja mwezi gani, hufuata mti upi, na kama wanaongezeka au wanapungua. Wageni huja wiki mbili wakaondoka. Sisi tuko hapa masika, kipupwe, vuli na kaskazi. Hesabu ya mwaka mzima ni sisi tu tuwezao kuiandika.

Mwenye intaneti anaweza kuyapeleka maandishi yake kwenye Atlasi ya Ndege ya Tanzania, au kwenye eBird, daftari la dunia nzima lililoanzishwa mwaka 2002 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Ila mti anaozaa bundi usiutangaze. Si kila asomaye ana nia njema.

6. ADABU ZA MTAZAMAJI

Usiingie shamba la mtu bila hodi. Usikaribie kiota, wala usikate majani yanayokifunika ili upate picha. Majani hayo ndiyo ukuta wa nyumba. Usimwashie bundi taa kali wala mwanga wa ghafla wa kamera. Tumia tochi hafifu, kwa muda mfupi. Usipige sauti ya ndege iliyorekodiwa mara kwa mara ili kumwita, maana huacha kula na hata kuacha mayai akidhani ameingiliwa na mshindani. Na usimpige picha mtu aliye kazini shambani bila ya ridhaa yake. Naye ana haki yake.

7. FAIDA IKO WAPI?

Mwanachama atauliza: haya yote yataongeza pishi moja ya karafuu? Sitasema jambo nisiloweza kulithibitisha. Lakini tunao mfano wa karibu, ingawa si wa ndege. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye naye hapatikani pengine duniani, aliwindwa kwa ajili ya nyama hata mwishoni mwa miaka ya 1980 akahofiwa kwisha. Watu wa vijiji, kama wa Kidike, wakakubaliana kulinda miti wanayolala popo na kuacha kuwawinda. Ilipofanywa hesabu mwaka 2007, walionekana kuzidi 18,000, na leo wageni hufika Kidike kuwatazama. Aliyewaokoa popo ni mwenye mti aliyekubali kuuacha, na hesabu ndiyo iliyoonyesha kwamba subira yake haikupotea.

Ndege hawahitaji makubwa kutoka kwetu. Tunapobadilisha mikarafuu mizee, tuibadilishe kwa mafungu, tusisafishe shamba zima kwa mkupuo. Miche mipya hukaa miaka mingi kabla ya kufunga majani, na bundi hawezi kungoja nje muda huo. Mikuyu ya mpakani tuiache, ndiyo ghala la ninga. Gutu la mnazi lisilo hatari kwa nyumba wala njia lisimame, maana hutumiwa na ndege wa kuzaa tunduni, na wale vipanga wadogo wa kijivu wanaozaa juu ya minazi. Na watoto wetu tuwape darubini badala ya manati. Mtoto aliyeweza kulenga ninga kwa jiwe ana jicho jema. Tunamgeuzia kazi tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini Unguja iliungana na bara zamani, na Pemba haikuungana?
2. Umeona ndege mdogo mweusi mwenye mdomo uliopinda, amesimama na jua liko nyuma yake. Utafanya nini kabla ya kuandika jina lake?
3. Taja mambo matatu ambayo picha haiwezi kueleza na daftari laweza.
4. Katika shamba lako, ni mti gani ukikatwa leo utamwondolea ndege chakula, na upi utamwondolea makao?

Swali la nne halijibiwi kwa kukaa kitako. Lataka mtu atoke, atazame. Mwanachama atakayesikia "huu" ya jioni katika mikarafuu yake, aandike tarehe, saa na jina la mtaa katika kipande cha karatasi, akifikishe ofisini. Nimefungua daftari la Chama kwa ajili ya bundi peke yake, nalo lina nafasi ya kila shamba.

Wassalaam,

Katibu wa Chama